Naomba ushauri: kaka zangu wanasema msichana kugawiwa shamba sawa ni mambo ya juzi

BintiWaChai
Habarini wanajukwaa. Tuko watoto saba, wavulana wawili na wasichana watano, kwetu Nyeri. Mama alitangulia, baba akafariki 2019. Kuna ekari tatu, mbili zina majani chai. Kaka zangu wanataka wagawane wao wawili, ati sisi tumeolewa na mila ya Wakikuyu haimpi binti ardhi. Title yenyewe (hati ya shamba) bado iko kwa jina la babu, aliyefariki 1979. Baba alikuwa mtoto wake wa kiume wa pekee. Sitaki vita, ila nijue: huku kugawana sawa kulitoka wapi, na kunatuhusu?

Mkulima Mstaafu
Pole dada. Hata hiyo title wanayoing'ang'ania ni ya juzi. Ardhi ilikuwa ya mbari, yaani ukoo, mtu analima kipande huku na kingine kule, na binti aliyeachika akirudi kwao alionyeshwa pa kulima. Ukaja mpango wa Swynnerton wa 1954, wa serikali ya kikoloni: vipande vikakusanywa kuwa shamba moja, likaandikwa jina la mwanamume mmoja. Wanawake wengi walifungiwa nje hapo.

KaraniWaKorti
Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura 160, ilianza kutumika 1 Julai 1981. Kifungu cha 38: wazazi wote wakishafariki bila wosia, watoto wanagawana sawa. Haiulizi nani ameolewa. Kuna kesi ya Rono, ekari 192: Korti Kuu iliwapunguzia mabinti kwa kuwa wangeolewa, Mahakama ya Rufaa ikaikataa hoja hiyo 2005.

Ila tarehe zenu zina jambo. Babu alikufa kabla ya 1981, kwa hivyo mali yake inafuata mila na kumwendea baba. Ya baba ndiyo inafuata Sura 160. Ni kesi mbili za urithi, mkianza na ya babu. Nendeni kwa chifu mpate barua ya kutaja warithi.

Mkulima Mstaafu
Sheria nimeelewa, hesabu je? Ekari tatu kwa watu saba, kila mtu hafikishi nusu ekari. Na kukata title saba lazima bodi ya ardhi ikubali. Huku kwetu kuna mashamba yamejaa bikoni za mipaka mpaka punda hana pa kugeukia. Mimi ningeacha title moja yenye majina saba, kila mtu na hisa yake, bonasi ya chai ikija mnagawana.

BintiWaChai
Asanteni sana. Hilo la bonasi hata kaka mkubwa anaweza kulisikiliza. Sasa, shangazi yetu, dada yake baba, yuko hai na bado anachuma chai palepale. Yeye je?

KaraniWaKorti
Kwa mila ya 1979, atapata shida kudai. Lakini nyinyi saba mkikubaliana kumwekea sehemu, andikeni makubaliano, kila mmoja atie sahihi, yawasilishwe kortini kabla urithi wa baba haujathibitishwa.