Magari madogo ya toleo jipya: wauzaji mnatutajia farasi, uzito mnauficha

Wakuu, salamu kwenu. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha, kwa kuwa jambo ninalolilalamikia limegeuka desturi katika yadi za magari za jiji letu la Dar es Salaam. Ukienda kutafuta gari dogo, muuzaji atakuonyesha lile lililobadilishwa umbo, atakuambia kwamba ni toleo jipya na kwamba lina nguvu kuliko lile la zamani. Atakutajia nguvu za farasi, atakutajia cc (ujazo wa injini), atakufungulia boneti uone injini iliyosafishwa. Uzito wa gari hatautaja. Wauzaji kadhaa niliowauliza walidhani nazungumzia mzigo ambao gari linaweza kubeba, na mmoja alinijibu kwamba uzito ni jambo la kuulizwa na mwenye lori.

Kwa ahadi hiyo hiyo ya nguvu zaidi, nyumbani kwetu tuliuza Toyota Vitz ya umbo la kwanza tukanunua ya umbo la pili, zote za cc 1000. Tunaishi Goba, na anayeijua Goba anajua milima yake. Tukiwa watu wanne na AC imewashwa, gari la zamani lilipanda kwa utulivu mahali ambapo hili jipya linarudi gia ya chini, injini inalia na mwendo unapungua. Niliporudi yadini niliambiwa nikaangalie plagi. Fundi aliangalia plagi, chujio la hewa, pampu ya mafuta na mgandamizo wa injini, akakuta kila kitu ni kizima. Gari halina ubovu wowote. Ndivyo lilivyoundwa, na yule aliyeniuzia alikuwa na karatasi zilizoeleza hivyo.

Tuzitazame namba. Vitz ya kwanza ilitoka mwaka 1999, na ile yenye injini ya 1SZ-FE ya cc 997 ilikuwa na farasi 70 na uzito wa takriban kilo 830, kutegemea aina. Umbo la pili lilikuja mwaka 2005 likiwa na injini ya 1KR-FE ya cc 996, farasi 71, lakini uzito ulikuwa umepanda hadi karibu kilo 980. Farasi mmoja akaongezwa, na pamoja naye zikaongezwa kilo zipatazo 150, yaani watu wazima wawili ambao hawashuki kamwe garini. Kila farasi wa gari la kwanza alivuta chini kidogo ya kilo 12. Wa gari la pili anavuta karibu 14. Umbo la tatu, la mwishoni mwa 2010, liliendelea na injini hiyo hiyo ikiwa na farasi 69, na uzito haukurudi ulipokuwa. Kwa muda wa zaidi ya miaka kumi nguvu ya Vitz ya cc 1000 ilibaki palepale, gari lenyewe likakua kutoka urefu wa milimita 3610 hadi 3750, kisha 3885, na bado kuna mtu anayesimama mbele ya mteja na kuapa kwamba jipya ndilo lenye nguvu.

Kwa haki niseme kwamba IST, gari jingine dogo la Toyota, haikufanyiwa hivyo kwa kiwango kile. IST ya kwanza, ya 2002, katika toleo la cc 1300 ilikuwa na farasi 87 na uzito wa kilo 1000 na kidogo. Ile ya pili, ya 2007, ilipewa injini ya cc 1500 yenye farasi 109, na uzito ukafika takriban kilo 1160. Hapo mnunuzi amepata kitu, lakini angalia amepata kiasi gani. Muuzaji atakupigia hesabu ya farasi 22 zaidi, ambayo ni robo nzima ya nguvu ya awali, na kwenye tangazo robo hiyo inapendeza sana. Ukigawanya kwa uzito, sehemu kubwa ya robo hiyo imeliwa na kilo zilizoongezeka, na kinachobaki ni chini ya asilimia 10. Hiyo ndiyo nguvu utakayoihisi barabarani, na kwa hiyo ndiyo ungepaswa kuilipia.

Kuna watakaosema kwamba kosa ni la pistoni tatu za injini ya Vitz ya umbo la pili. Maneno haya nimeyasikia kwa mafundi, kwa madalali na kwa madereva wa teksi za mtandao, na ningependa tuyaache, kwa sababu yanamlinda muuzaji. Injini ya 1KR-FE si injini dhaifu kwa ujazo wake. Ilitwaa tuzo ya kimataifa ya injini bora isiyozidi lita moja kwa miaka minne mfululizo, 2007 hadi 2010. Injini hiyo hiyo imo ndani ya Toyota Passo ya 2004, gari lenye kilo kama 900 hivi, na aliyewahi kuendesha Passo na Vitz ya umbo la pili zikiwa na abiria wale wale anajua ipi inaondoka kwa wepesi. Pistoni ni zile zile tatu. Kilichobadilika ni uzito zinaousukuma. Mwenye gari anapoaminishwa kwamba tatizo ni pistoni, anaishia kulaumu injini nzima na kuuza gari kwa hasara, na yadi inampa jingine lenye cc hizo hizo na kilo nyingi zaidi.

Jambo la pili linalofichwa ni mahali farasi hao wanapopatikana. Farasi 71 wa Vitz hupatikana injini ikizunguka mara 6000 kwa dakika, mwendo wa injini ambao hakuna anayeutumia kwenye mlima wa Makongo Juu akiwa amebeba mama mzazi na mboga za sokoni. Kinacholipandisha gari mlimani ni toki, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha, na toki ya juu kabisa ya 1SZ-FE na ile ya 1KR-FE zinatofautiana kwa niutoni-mita moja tu, 95 kwa 94, tena iliyopungua ni ile ya gari zito. Kulipandisha gari la tani moja kwenye mwinuko wa asilimia 10 kwa kilomita 40 kwa saa kunahitaji kilowati zipatazo 11 kabla ya kuhesabu msuguano wa tairi, upepo na upotevu wa giaboksi. Kilo 150 za nyongeza zinadai kilowati moja na nusu zaidi kwa mwinuko huo huo, na kompresa ya AC nayo inadai sehemu yake. Kwa injini kubwa hicho ni kiasi kidogo. Kwa injini ya lita moja iliyo katika mizunguko 2000, hicho ndicho kinachoamua kama gari litapanda kwa gia iliyopo au litarudi gia ya chini na kupiga kelele.

Na hapo bado tupo usawa wa bahari. Wengi wetu mwisho wa mwaka tunarudi mikoani, na mtu wa Iringa, Njombe au Mbeya lazima apande mlima Kitonga. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1000 za kupanda kutoka baharini, kwa sababu hewa ni nyepesi, ilhali kilo za gari hazipungui hata moja. Mtu aliyenunua gari la farasi 71 hapa Dar es Salaam akifika Iringa mjini amebakiwa na farasi 60 na ushee, gari limejaa watoto na mizigo, na nyuma yake kuna basi linalotaka kupita. Kuhusu hilo sitanii. Kumpita lori kwenye barabara ya njia mbili kwa gari ambalo mwenyewe ameaminishwa kuwa lina nguvu ni suala la uhai wa familia, na anayemdanganya mteja juu ya nguvu anacheza na uhai huo.

Sipingi kila kilo. Magari yaliongezeka uzito kwa sababu ambazo nyingine ni njema: nguzo za bodi zilizoimarishwa, vyuma vya milango vya kuzuia kugongwa ubavuni, mifuko ya hewa, mikanda bora. Tangu majaribio ya kugonga magari ya Euro NCAP yaanze kutangazwa barani Ulaya mwaka 1997, hakuna mtengenezaji mkubwa anayeweza kuuza bodi laini kama zile za zamani bila kuaibika, na mimi sitaki mwanangu apande gari jepesi lisilomlinda. Lakini kilo nyingine zinatokana na gari kukuzwa mwili kila linapobadilishwa umbo, rimu kubwa kwa ajili ya kupendeza na mazulia mazito ya kuzuia sauti. Ugonjwa huu pia si wa Vitz peke yake wala si wa Wajapani peke yao. Volkswagen Golf GTI ya kwanza, ya mwaka 1976, ilikuwa na farasi 110 na kilo zipatazo 810. Ya tatu, ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilianza na farasi 115 huku uzito umepita tani moja.

Anayesema kwamba haiwezekani kuunda upya gari dogo bila kulinenepesha hasemi kweli. Mazda waliipunguza Demio ya 2007 kwa takriban kilo 100 ikilinganishwa na iliyoitangulia. Golf ya saba, ya 2012, ilipunguzwa hadi kilo 100. Hata Vitz yenyewe, ilipobadilishwa kuwa Yaris nchini Japani mwaka 2020, ilipata bodi mpya nyepesi zaidi kwa takriban kilo 50 na bado ikawa imara zaidi. Wahandisi wakipewa agizo la kupunguza wanapunguza. Kwa hiyo mnunuzi wa Dar es Salaam anayo haki ya kujua ni toleo lipi lilipunguzwa na lipi lilinenepeshwa, kwa sababu bei wanayotaja yadini ni moja tu na haitofautishi.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba taarifa hii haihitaji kutafutwa. Cheti cha kusafirisha gari nje kinachotolewa Japani, ambacho kila muagizaji anakuwa nacho, kina uzito wa gari likiwa tupu na uzito wake likiwa na abiria. Kadi ya usajili wa gari hapa kwetu nayo ina nafasi ya uzito. Muuzaji anayo namba mkononi, anaipeleka bandarini, anaipeleka TRA, kisha anapoandika tangazo anaiacha na kuandika kwamba gari lina nguvu na linakula mafuta kidogo. Watu wananunua cc 1000 kwa sababu ushuru wa bidhaa hupangwa kwa ujazo wa injini na hizo ndizo zenye nafuu, na kwa sababu kila EWURA wanapotangaza bei kikomo za mafuta mwanzoni mwa mwezi mtu anapiga hesabu upya. Mtu huyo akiuziwa gari zito kupita injini yake, ile nafuu anairudisha kituoni, kwa maana katika foleni ya Barabara ya Morogoro kila mara gari linaposimama na kuondoka, ni uzito ndio unaonunuliwa mafuta upya.

Ninachokidai si kikubwa. Kila tangazo la gari dogo liandike uzito wa gari tupu, farasi, toki na mizunguko inapopatikana, pamoja na msimbo wa umbo, iwe SCP10, KSP90 au KSP130, ili mtu alinganishe kabla hajatoa pesa. Muuzaji anayekataa kuonyesha cheti cha Japani aulizwe anaficha nini. Na nyinyi mlio na magari haya, chukueni kadi zenu mwandike hapa chini toleo, mwaka, cc na uzito uliosajiliwa, bila kuweka namba ya gari, mkieleza na jinsi linavyopanda likiwa limejaa. Nitaanza na letu: KSP90, mwaka 2006, cc 996, kilo 980, na mlima wa Goba linaupanda kwa gia ya pili.