Dar mpaka Guangzhou ni masaa mangapi hasa? Natokea Dodoma

Mfanyabiashara Majengo
Habari za jioni wakuu. Nina duka hapa Majengo Dodoma, mwezi ujao naenda Guangzhou mara ya kwanza kufata mzigo. Tiketi ya direkti toka Dar inaonyesha kuondoka 21:00 kufika 12:30 kesho yake, nikihesabu napata masaa 15 na nusu, ila waliowahi kwenda wanasema ni kumi na kidogo tu. Ndege inatua mahali katikati au? Halafu kuna tiketi za kupitia Addis na Dubai bei imeshuka kidogo, umbali unaongezeka sana? Na nyie wa Dodoma huwa mnatoka lini, siku hiyohiyo?

Nkuhungu boy
Kaka haitui popote. Saa ya kuondoka ni ya Dar, ya kufika ni ya China, na wao wametutangulia masaa 5. Ikiwa 12:30 kule, huku ndo kwanza saa moja na nusu asubuhi, kwa hiyo toka saa tatu usiku ni masaa kumi na nusu basi. China yote na ukubwa ule wanatumia saa ya Beijing, hata ukiunganisha kwenda Yiwu saa hubadilishi tena. Ila kuwa makini sana na tiketi, kuna watu wanasoma 09:00 wanaelewa saa tisa, wanafika eapoti ndege ishaondoka kitambo.

Ramani_Dom
Mkuu, Dar–Guangzhou kwa mstari wa moja kwa moja ni kama km 8,700, unakatiza Bahari ya Hindi, kusini mwa India, halafu Ghuba ya Bengal. Ndege kubwa ikishatulia juu inakimbia kama km 900 kwa saa, weka na muda wa kupanda na kushuka, ndo hayo kumi na nusu.
Addis: km 1,760 hivi toka Dar, halafu 8,000 na kidogo. Dubai: karibu 4,000, halafu 5,800. Zote mbili zinaangukia kwenye 9,800, yaani angani huongezi hata masaa mawili. Kinachokula muda ni kusubiri kuunganisha, kwa hiyo kabla hujafurahia bei angalia unakaa hapo masaa mangapi, wengine wanalala kwenye viti.

Mama Neema Area C
Mwanangu usitoke siku hiyohiyo, basi likiharibikia njiani tiketi ya milioni imeenda. Panda SGR siku moja kabla, na kama treni yako inasimama Pugu shuka hapo, eapoti ni karibu kuliko kwenda mpaka mjini halafu urudi na foleni ya Dar. Uwe eapoti masaa matatu kabla. Hapo Msalato, uwanja mpya wa ndege wa hapa Dodoma, wamejenga njia ya kurukia ya mita 3,600, namuomba Mungu siku moja tupandie hapahapa.

Mfanyabiashara Majengo
Shikamoo mama, nimekuelewa. Sasa kurudi inaonyesha 14:00 mpaka 20:00, masaa 6?

Ramani_Dom
Jumlisha yale 5, ni 11. Kurudi ni kirefu kwa sababu huko juu kuna upepo mkali unaovuma toka magharibi, ukienda unakusukuma ukirudi unapambana nao, na miezi ya baridi ya kwao ndo unazidi. Ukitua saa mbili usiku mpaka upate mabegi ni saa tatu na kitu, treni ya usiku huo usiitegemee, panga kulala Dar.