Mbwa ametapika zabibu juu ya zulia la watoto: nianzie wapi?

Mama Wawili, Nkuhungu
Mbukwenyi, ndugu wanajukwaa. Jana jioni jirani alituletea ndoo ya zabibu kutoka shambani kwake, nami kwa haraka ya kuepua wali nikaiacha sakafuni. Wanangu, mmoja wa miaka sita na mwingine mitatu, waliona si vyema kula peke yao, wakamwekea mbwa wetu wa miezi mitano sahani yake. Usiku alitapika kwenye zulia la sebuleni, akahamia kwenye godoro la watoto akatapika tena, na yule mdogo alipoamka akayakanyaga, akaja na nyayo za zambarau hadi chumbani kwangu. Maji kwetu ni ya mgao, nimebakiwa na madumu mawili tu. Je, nitaondoaje doa na harufu kwa maji machache, na watoto wako salama?

Bibi wa Kizota
Pole sana, mwanangu. Usisugue, maana kusugua huizamisha rangi. Yakwangue kwa kipande cha boksi, mwagia maranda makavu kama yale ya banda la kuku, yakishanyonya yafagie. Kisha changanya siki kikombe kimoja na maji vikombe viwili, ugandamize kwa kitambaa kuanzia ukingoni mwa doa kuelekea katikati. Godoro usililoweshe, lipanguse tu na kulisimamisha juani. Jua letu la Dodoma litamaliza kazi. Siki na jiki visikutane kamwe, kwani hutoa gesi inayobana kifua. Watoto waoshe mikono na miguu kwa sabuni. Mayai ya minyoo mviringo ya mbwa, ambayo hutoka na kinyesi, huchukua takriban wiki mbili au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza, hivyo uchafu unaoondolewa siku hiyo hiyo usikutie hofu.

Mganga wa Mifugo Mstaafu
Naomba radhi kwa kukatiza habari za zulia, ila mgonjwa hapa ni mbwa. Zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuharibu figo za mbwa, na dalili ya kwanza huwa ni huko kutapika. Figo zinaweza kushindwa kazi ndani ya siku moja hadi tatu, wakati ambapo mwenye mbwa anadhani amekwisha pona kwa sababu ametulia. Mpeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi, wala usimnyweshe maji ya chumvi, ambayo nayo ni sumu kwake. Angalia sana kama anakojoa.

Mkulima wa Mpunguzi
Mzee wangu, kwa heshima zote, mbwa wangu hushinda chini ya mizabibu akiokota zilizodondoka, na huu ni msimu wake wa nne.

Mganga wa Mifugo Mstaafu
Sikukatalii, ndugu yangu, kwani wapo wanaokula wasidhurike, na wapo wanaougua kwa punje chache; hakuna anayeweza kuwatambua mapema. Mwaka 2021 wataalamu wa sumu wa Marekani walielekeza shaka kwenye asidi ya tatariki, ambayo kiasi chake hutofautiana kati ya zabibu na zabibu. Asidi hiyo imo kwa wingi hata kwenye ukwaju, kwa hiyo mama asije akadhani ukwaju ni mbadala.

Mama Wawili, Nkuhungu
Nilimpeleka saa nne asubuhi, akatundikiwa dripu, na daktari ametaka tumrudishe kesho kupimwa damu tena. Watoto wamelia hadi wamelala, maana yule mkubwa anaamini kwamba ndiye aliyemwua. Doa limebaki kivuli tu. Jioni hii mbwa amekojoa mara mbili, mara ya pili juu ya zulia lile lile, nami nimepiga vigelegele. Bibi, siki hiyo hiyo itafaa?

Bibi wa Kizota
Itafaa.