Vifaranga wangu wa Sussex wengine watoka kahawia: ni jua la Mombasa au ni jogoo?

MamaKuku_Kisauni
Assalam aleikum jamani. Naomba ushauri wa wanaojua mbegu, si biashara ya mayai.

Nafuga Light Sussex, wale weupe wenye shingo na mkia mweusi. Jogoo nilimtoa bara, mitetea nikawapata kwa mfugaji mwengine huku huku Pwani. Kwa macho wazazi hawana ila: miguu myeupe, upanga wa kichwani umesimama wima. Nia yangu ni kuwaingiza maonyesho ya kilimo ya ASK pale Mkomani, wapimwe kwa vigezo vya mbegu yao.

Vifaranga ndio wananitia kizunguzungu. Wengi ni weupe, lakini wako wanaoota manyoya ya kahawia kama ya kuku wale wekundu wa Rhode Island. Nimewatazama wakikua: wa kahawia wote ni majike, hata pora (jogoo mchanga) mmoja hayumo. Pia wapo wachache wenye miguu ya njano, na hao ni majike kwa madume. Halafu jogoo mwenyewe, tangu kaskazi ianze kuvuma, mgongo umeingia umanjano.

Jirani asema ni jua. Baba watoto asema ni chakula. Aliyeniuzia jogoo asema mitetea ndio wachafu, aliyeniuzia mitetea asema ni jogoo. Nimtoe nani?

PoraLaBamburi
Jua hilo, dada. Mweupe gani abaki mweupe Mombasa? Ezeka makuti, watoe saa za asubuhi na alasiri tu. Umemaliza.

FundiMbegu_Tanga
Mkuu, jua lina makosa yake lakini hili si lake. Jua hugeuza nyoya jeupe lililokwisha ota likawa la manjano, hasa mgongoni na mabegani mwa jogoo. Haliwezi kumfanya kifaranga aote kahawia, wala halichagui jike na dume.

Dada yangu wa Kisauni, ushahidi umeuleta mwenyewe uliposema wa kahawia ni majike watupu. Hapo ni jogoo.

Weupe wa Sussex wafugaji wa mbegu huuita fedha, na wekundu wa Rhode Island huuita dhahabu. Rangi hizi mbili hukaa kwenye kromosomu ya jinsia, yaani uzi wa urithi unaoamua jike au dume. Kwa kuku, dume ana mbili za aina moja. Jike ana moja tu, na hiyo moja kapewa na babake. Kwa hiyo kwenye jambo hili binti harithi chochote kwa mama. Jogoo anaweza kubeba fedha upande mmoja na dhahabu upande wa pili, fedha ikaifunika dhahabu, wewe ukamwona mweupe ukatoa pesa. Akizaa, karibu nusu ya mabinti wanapata fedha na nusu dhahabu, na binti hana cha kuifunikia, inaonekana wazi. Watoto wa kiume wote wanapata fedha kwa mama, kwa hiyo wote weupe, ila nusu yao wameibeba dhahabu ya baba kimya kimya. Ndiyo maana huoni pora wa kahawia.

Na huo umanjano wa mgongoni usilisukumie jua wote. Jogoo aliyeficha dhahabu huwa na tabia hiyo.

MamaKuku_Kisauni
SubhanAllah. Basi mitetea wamesafika?

FundiMbegu_Tanga
Kwa rangi, wamesafika. Jike mweupe hana pa kuificha dhahabu. Hata mabinti weupe waliotoka kwa jogoo huyo ni safi kwa rangi, usiwauze kwa hasira.

Kwa miguu, la. Njano hiyo hujificha kwa baba na kwa mama, na kifaranga haionyeshi mpaka aipate kwa wote wawili. Maana yake jogoo anayo, na mtetea mmoja angalau anayo. Mtenge kila mmoja siku za kutaga, andika jina lake kwenye yai kwa penseli, vifaranga uwatie pete za rangi mguuni. Mtetea anayeibeba, robo hivi ya watoto wake kwa jogoo huyo watatoka na miguu ya njano. Rhode Island ana dhahabu na ana miguu ya njano; kwa dhana yangu aliwahi kupita kwenye ukoo wa jogoo wako.

BiMitetea_Likoni
Niongeze hapo kwenye miguu, mamangu. Njano yatoka kwenye chakula. Mahindi yetu Kenya ni meupe, sasa kuku wa miguu ya njano akilishwa hayo bila majani miguu yapauka, wadhani ni mweupe. Na mtetea akitaga mfululizo huifyonza njano miguuni ikaingia kwenye viini. Kabla hujamhukumu mtu, walishe mchicha kwa wingi wiki kadhaa, uwatazame mapora, na tembe (majike wachanga) ambao hawajaanza kutaga. Utashangaa.

Mzee_wa_Kuchi
Yakhe, mwahangaika na kuku wa Kizungu na kuchi yupo hapa Pwani. Shingo ndefu, miguu ya ngamia, kifua wazi, akisimama wajua amesimama.

PoraLaBamburi
Mzee, kuchi utamhukumu kwa kitabu gani?

Mzee_wa_Kuchi
Kwa macho ya wazee, na tunakubaliana kuliko mnavyodhani. Lakini nikuulize wewe mama: mmesema rangi, mmesema miguu, mbona hakuna aliyeuliza umbo? Kuku mweupe mwenye mgongo mwembamba ni kuku mwembamba tu.

FundiMbegu_Tanga
Mzee kanipiga pazuri. Sussex ni mbegu ya zamani ya kusini mwa Uingereza. Ukoo huo ulikuwemo kwenye maonyesho ya kuku ya London mwaka 1845, na sifa yake ilikuwa nyama. Kwa vigezo vya Uingereza jogoo mkubwa ni kilo 4.1 na mtetea kilo 3.2. Mgongo mpana, bapa na mrefu, kifua kipana kilichoingia chini, upanga mmoja wa kadiri wenye meno yaliyolingana, ndewe za masikio nyekundu. Upanga ukiota kijino ubavuni, huyo usimzalishe hata awe mzuri vipi.

Mabinti wako weupe wapange kwa umbo kwanza. Rangi ya shingo ukiianza mapema utabaki na kuku wadogo wenye shingo nzuri.

BiMitetea_Likoni
Na tarehe. Maonyesho ya Mkomani huangukia Agosti au Septemba. Sussex hakomai haraka, mpe miezi saba au minane. Mayai yaingie mashineni Disemba, yakae siku 21, utotoe Januari. Ofisini uwaulize mapema wana madaraja gani ya kuku mwaka huo.

Kuosha ni siku tatu kabla, sabuni laini, na suuza kwa maji baridi ya kununua, si ya kisima cha chumvi. Ukitia buluu kwenye maji ya mwisho, ni tone, kama ya kanzu ya Ijumaa. Nishawaona kuku wa samawati.

MamaKuku_Kisauni
Nimecheka mpaka baba watoto kaja kuuliza kulikoni. Ahsanteni. Jogoo huyu naenda kumbadilisha. Wa kahawia wote ni wa sufuria?

FundiMbegu_Tanga
Wote isipokuwa mmoja. Muweke tembe wa kahawia mwenye miguu ya njano. Jogoo mpya akija, kabla hujampa mitetea wako wazuri, mpandishe huyo kwanza. Binti yeyote wa kahawia akitoka, jogoo kaficha dhahabu. Kifaranga yeyote wa miguu ya njano akitoka, kaificha njano. Ukipata mabinti kumi na wote ni weupe, uwezekano wa kuwa amekudanganya kwa rangi ni kama mmoja katika elfu. Watoto wa jaribio hilo wote ni wa sufuria, hata wakiwa warembo.

MamaKuku_Kisauni
Na nikimkuta kaficha?

FundiMbegu_Tanga
Mrudishie muuzaji pamoja na vifaranga wake wa kahawia. Hapo hatakuwa na la kusema kuhusu mitetea yako.