Maji ya dripu yameshusha HB, hewa itamfikia vipi?

Bint_Wete: Assalaam alaykum jamani. Mdogo wangu kajifungua kwa operesheni huku Pemba, katoka damu wakamtundikia chupa za maji, HB ilikuwa 12 saivi 9 lakini kile kidude cha kidoleni kinasoma 99, sa mie sielewi, hii damu ilochanganyika na maji inampelekea oksijeni ya kutosha au vipi? Na mbona hawamuongezi damu?

Muuguzi_Unguja: Waalaykum salaam ukhti, hongereni kwa mtoto. HB ni gramu za hemoglobini, ile inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu, katika kila mililita 100 za damu. Kile cha kidoleni kinapima hemoglobini iliyopo imejaa oksijeni asilimia ngapi, hakipimi ipo ngapi. Ni kama daladala za Wete na Chake, zote zinaweza kujaa lakini gari zikiwa chache wanaofika ni wachache. Gramu moja ya hemoglobini hubeba kama mililita 1.34 za oksijeni, kwaiyo HB 15 kila mililita 100 za damu zina oksijeni kama mililita 20, HB 9 zina kama 12 tu, na yale maji yenyewe hayabebi cha maana. Ila maji hayajaua chembe hata moja, zilizopungua ni zile zilizotoka, maji yanarudisha ujazo moyo upate cha kusukuma.

Mkoani_Daktari: Naongezea. Damu ikiwa nyepesi inapita kwa urahisi kwenye vimishipa na moyo unasukuma nyingi zaidi kwa dakika, halafu mtu akiwa amepumzika mwili hutumia kama robo tu ya oksijeni inayoletwa, akiba ipo, ndo mana kijana mwenye HB 9 huyo anakaa anazungumza. Misuli ya moyo ndo haina akiba hiyo, yenyewe tokea mwanzo inachukua sehemu kubwa ya inayoletewa, kwaiyo mwenye maradhi ya moyo hasubirishwi sana kuongezewa damu. Asiye na tatizo na hatoki damu tena wengi huongezewa HB ikishuka chini ya 7.

Bint_Wete: Ahsanteni sana. Mapigo yake 104, ndo huko kufidia?

Muuguzi_Unguja: Inaweza kuwa, lakini pia maumivu, homa au damu bado inatoka, usikae na hilo ukhti, mwambie muuguzi wa zamu sasa hivi amuangalie presha na pedi. Akisema kizunguzungu au pumzi fupi msingoje asubuhi. Na wakimpa vidonge vya madini ya chuma asivinywe na chai, chai inazuia visifyonzwe.