Wadudu weupe wa mwezi mpevu: ndio wanaotoboa mtumbwi?

Mvuvi_wa_Mwaloni: Wakuu, niko Mwanza. Siku za mbalamwezi hatuendi dagaa, tunakaa mwaloni kushona nyavu. Juzi, usiku wa pili baada ya mwezi mpevu, taa ilijaa wadudu weupe wenye mikia mirefu. Kumbikumbi siyo. Asubuhi wote maiti. Wazee wanasema ndio wanaotoboa mbao za mtumbwi. Nitahakikishaje?

Bi_Darubini: Mdogo wangu, namshuku Povilla adusta, mdudu wa jamii ya mayfly, anayekulia majini. Ziwa Victoria hutoka hasa siku hizo za mwezi, na akishaota mbawa haishi hata hadi asubuhi. Ila mwezi si ushahidi, tazama mwili. Miguu ya kati na ya nyuma imedumaa, hata kutembea hawezi. Dume geuza chali: mwisho wa tumbo ana koleo mbili za kumshikia jike, na umbo la hapo ndilo tunalotenganishia spishi.

Sasa pasua ubao uliooza. Tunutu wake, yaani mtoto asiyeruka bado, ana taya mbili zilizochomoza mbele ya kichwa na matamvua ya kupumulia ubavuni, na shimo lake limetandikwa utando laini. Chagua jike ambaye vifuko vya mbawa vimeshakuwa vyeusi. Huyo yu karibu kutoka, na mayai anayo tayari tumboni! Yalinganishe na ya jike wa kwenye taa. Yakifanana, wazee wako wana hoja nzito.

Kisumu_Kwetu: Huku wapo wadogo sana, mikia mitatu, mbawa za nyuma hawana. Ndio hao?

Bi_Darubini: Hao siyo. Kama ukingo wa mbawa una nywelenywele, tafuta kwenye Caenis, kundi jingine la mayfly. Povilla ni mkubwa na ana mbawa nne.

Mvuvi_wa_Mwaloni: Shikamoo Bi. Mayai nayaonaje?

Bi_Darubini: Marahaba. Watie kwenye spiriti ya duka la dawa, wa ubaoni chupa yao, wa kwenye taa yao, na karatasi ndani iliyoandikwa kwa penseli: mahali, tarehe. Wino utayeyuka. Kisha muombe mwalimu wa baiolojia darubini. Tumbua tumbo juu ya kioo, weka tone la maji, angalia umbo la yai, kama lina kofia nchani, kama lina nyuzi za kunatia. Nakshi za ganda zinataka darubini ya elektroni. Hizo waachie chuo.

Mvuvi_wa_Mwaloni: Mwalimu kakubali, ila anataka sato.