Tupeane uzoefu: Mchezo wa mapambano wa simu kwa mtoto, unajuaje kama unastahili kununuliwa?

Mama wa Uyole, Mbeya

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za leo. Likizo ya Juni imekaribia, na kwa baridi ya huku kwetu watoto wengi watashinda ndani na simu za wazazi wao mikononi. Mwanangu wa miaka tisa ananiomba nimnunulie mchezo wa kukimbia, kuruka na kupambana na maadui, ambao hatua za mwanzo ni za bure na zilizobaki hufunguliwa kwa malipo ya mara moja. Bei si ya kutisha, ila sipendi kulipa kwa kutazama picha na nyota za Play Store, duka la programu la Google, peke yake, kwani picha huchaguliwa na muuzaji mwenyewe, na nyota hazisemi kama aliyezitoa alikuwa mtoto au mtu mzima. Mliokwisha kununua, mlipima nini kabla ya kulipa?

Mwalimu, Mafinga

Mama, mimi hupima mchezo kwa kushindwa makusudi. Kila mchezo humchekea mtoto anayeshinda, kwa hiyo hapo hutajifunza kitu. Mwache mhusika atumbukie shimoni mara kadhaa mfululizo, kisha utazame anafanyiwa nini.

Upo mmoja tulioupima nyumbani ambao, mhusika akifa, kitufe kikubwa chekundu cha kuendelea kwa kulipa almasi, yaani fedha ya mchezoni, hujitokeza katikati ya kioo huku sekunde zikihesabiwa kurudi nyuma, na alama ya kufunga imefichwa pembeni, ndogo, ya kijivu, kiasi kwamba kidole cha mtoto hugusa kitufe chekundu hata asipokusudia. Mwingine ulimrudisha mhusika papo hapo kwenye ukingo alioanguka, bila tangazo wala kusubiri, na kijana wangu akalirudia ruko lile mpaka akagundua kwamba alikuwa akiruka mapema mno. Huo wa pili ndio tulioununua, ingawa picha zake ni za kawaida sana.

Suala la watoto kununua vitu bila idhini halikuanzia kwetu. Mwaka 2014 FTC, tume ya Marekani inayolinda walaji, ilifikia makubaliano yaliyoitaka Apple kuwarudishia wateja angalau dola milioni 32.5, na Google angalau dola milioni 19, kwa sababu ya manunuzi yaliyofanywa na watoto ndani ya programu pasipo ridhaa ya wazazi. Kwa hiyo hata mchezo uwe mzuri namna gani, ingia kwenye mipangilio ya Play Store uweke sharti la uthibitisho kwa kila ununuzi, na neno la siri ulijue wewe peke yako.

Fundi simu, Mwanjelwa

Nakubaliana na Mwalimu, lakini pimeni kwenye simu ileile atakayochezea mtoto. Mchezo wa mapambano kwenye simu yenye RAM (kumbukumbu ya kuendeshea programu) ndogo ya GB 2 unaweza kukwama kwa nusu sekunde, na hiyo nusu sekunde ndiyo adui anapokupiga. Mtoto hudhani yeye ndiye mzito. Tazameni pia kama vidole gumba vinaziba sehemu ambayo maadui hutokea, maana kwenye kioo kidogo hilo ni tatizo lisilo na dawa. Na ukubwa wa faili unaoonyeshwa dukani usiwadanganye, kwa kuwa baadhi ya michezo hupakua mafaili mengine mengi ikishafunguliwa.

Mama, Njombe

Zima data, kisha ufungue mchezo. Ukigoma, hesabu bando kuwa sehemu ya bei.

Baba, Tukuyu

Mimi huangalia kwanza alama ya umri, yaani 3+, 7+ au 12+, na kwa mtoto wa miaka tisa sivuki 7+. Hata hivyo, alama hiyo huzungumzia vurugu, vitisho na lugha. Haisemi kama mchezo ni mgumu au mwepesi, wala kama umetengenezwa vizuri. Niseme pia kwamba siafikiani na wanaodhani cha kulipia lazima kiwe bora: chini ya jina la mchezo Play Store huandika kama una matangazo au manunuzi ya ndani, na nimekuta michezo iliyokwisha kulipiwa ambayo bado inauza sarafu. Mtu alipe mlangoni, kisha alipishwe tena sebuleni?

Mama wa Uyole, Mbeya

Nawashukuru. Nimeujaribu: kushindwa hakuna gharama, matangazo hakuna, na simu haikwami. Ila data ikizimwa, haufunguki. Je, ukishalipiwa hali hubadilika?

Mama, Njombe

Mingine hubadilika na mingine haibadiliki, mama, na maelezo ya dukani mara nyingi hayasemi. Nunua siku ambayo una nafasi. Ukishalipa, ufungue ukiwa na data ili utambue malipo, cheza hatua moja mpya, kisha uzime data na uufungue upya. Ukigoma, omba Google ikurudishie fedha ndani ya saa 48. Na usimwambie mtoto kwamba umenunua mpaka umalize kupima, kwa sababu kumnyang'anya kesho yake ni kesi nyingine.